Gauni la Kuzikiwa

Mama yangu alikuwa mzuri na alijua. Hata alipofika miaka sabini, wanawake wa Nyamuswa walimwangalia yeye kanisani kuliko walivyomwangalia mchungaji. Daktari wa Musoma alipomwambia kuwa uvimbe wa titi la kushoto ni saratani, kwamba titi likatwe na wakiwahi atapona, alisikiliza mpaka mwisho, akashukuru, akachukua mkoba wake, tukatoka.

"Mi nitaenda kwa Mungu nikiwa mzima," aliniambia nje. "Nilizaliwaga nayo yote mawili."

Nilikasirika nikamnunia siku mbili nzima, na wakati huo alikuwa amefikia kwangu, Mwisenge, hapohapo Musoma. Yeye wala hakujali. Alikuwa ameshapata kazi. Katika kikundi chao cha akina mama wa kanisa, kila mmoja hushona mapema gauni jeupe la kuzikiwa akaliweka sandukuni, na la kwake alitaka liwashinde wote. Kila asubuhi tulipanda bodaboda hadi kwa fundi: mkono ubane kidogo, shingo ishuke, lesi hii ni ya mapazia, toa. Fundi alishona na kufumua mara nne. Mimi nilikaa kwenye benchi nikiwaza ule uvimbe, ambao haukuwa unamsubiri fundi. Nilimchukia yule fundi, na lesi yake nikaichukia.

Siku alipolivaa kulijaribu, fundi alitoa kioo kirefu barazani kwenye mwanga. Mama alijitazama kwa muda mrefu. Wapita njia wakasimama. Muuza dagaa mmoja akatua beseni lake.

"Mama, hilo gauni ni la harusi ya nani?"

Mama alikataa kulivua. Jumapili akalivaa kanisani kwao Nyamuswa, jambo ambalo kwa wenzake ni sawa na kujilaza mwenyewe kwenye jeneza, na wawili walihama benchi kabisa. Jumamosi iliyofuata akalivaa harusini Butiama, akacheza mpaka wapiga tarumbeta wakaomba maji. Tukiwa njiani kurudi akasema, kwa sauti ya mtu anayelalamikia bei ya sukari, "Sasa hili wakinizika nalo, nani ataliona? Mpigie huyo daktari wako."

Nililia palepale, kwa furaha na kwa hasira zote za wiki zile.

Alikatwa titi. Akaugua kidonda, akatukana chakula cha wodini, akapona. Siku daktari alipomwambia yuko safi, alitaka apigwe picha na gauni lake, tukaenda kwa fundi alinyooshe. Alipolivaa, upande wa kushoto ulikuwa umelegea. Fundi, mtu wa huruma, akaleta bonge la pamba nyeupe aujaze.

Mama alimrudishia mkononi, taratibu.

"Pamba mtaniwekaga puani nikifa, mwanangu," alimwambia. Kisha akanigeukia mimi, kifua mbele. "Wewe, piga picha."