Mafuta ya Mzazi Kwenye Betri

Faradji wa mtaa wa Waswahili, Gisenyi, siku hizi anaziba pancha za baiskeli tu. Ukimletea pikipiki anakuonyesha fundi mwingine kwa kidevu. Lakini mwaka wa hamsini na nne hapakuwa na pikipiki mjini ambayo hakuwahi kuigusa, wala siku aliyopitisha bila kujisifu. Alikuwa hodari, sikatai. Ila mdomo wake ulitangulia spana.

Pikipiki aliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya zahanati. Mpandaji wake alikuwa Twagirimana, muuguzi kutoka Busasamana, aliyepeleka dawa vijijini. Mota yake iliwashwa kwa umeme wa betri. Betri ikinyamaza, na pikipiki inanyamaza. Na mvua za huku hazina adabu. Maji ya barabarani yanaruka mpaka kwenye vile vichwa viwili vya betri, vinaota unga wa kijani, umeme unakosa njia. Kwa hiyo Faradji alivisugua kwa brashi ya waya, akaviosha kwa maji ya magadi, akavikausha, akakaza nyaya, mwisho akavipaka vazelini nene ili maji yateleze yaende zake. Zahanati ilimpa kopo la vazelini kwa kazi hiyo, na kazi hiyo tu.

Masika ya mwaka ule kopo liliisha mapema. Faradji alikuwa akiipaka vazelini hiyo kwenye betri za matajiri wenye pikipiki zao, nao wakamwita fundi wa mafundi, na sifa hizo zilimlevya. Asubuhi moja Twagirimana alikuja kuuliza.

"Fundi, kesho naenda Nyamyumba, nalala kule. Kesho kutwa napeleka dawa Cyanzarwe. Mvua iko mingi. Betri iko sawa?"

"We usiogope, muganga. Betri yangu hata ukiitupa ndani ya ziwa, itawaka."

Aliona haya kwenda kuomba kopo jingine, maana angeulizwa la kwanza lilikwenda wapi. Nyumbani mkewe Saidati alikuwa na kibuyu cha mafuta ya ng'ombe, ya kumkanda yeye mzazi na kumpaka Zaituni, binti yao wa wiki tatu. Mafuta hayo yalitumwa na mama yake Twagirimana. Mafuta ni mafuta, Faradji alijiambia, akachota vijiko viwili. Kweli, yalizuia maji vizuri. Jambo asilolifikiria ni harufu.

Kule Nyamyumba pikipiki ililazwa kwenye ghala la maharage. Asubuhi haikuwaka. Twagirimana alijua sindano, hakujua nyaya. Alifunga mkoba wa dawa vizuri, akaisukuma pikipiki mchana kutwa, kilima baada ya kilima, mvua inampiga. Njiani mtu mmoja alimhurumia akampa pombe ya ndizi apate joto. Alifika Gisenyi magharibi, amechoka, ananuka pombe. Siku hiyo hiyo Cyanzarwe, mtoto mmoja aliyekuwa akiharisha damu alikufa dawa ikisubiriwa.

Mkuu wa zahanati, Mbelgiji mwepesi wa hasira, alisema muuguzi alilewa. Akamsimamisha kazi, akamwambia Jumatatu aje kuchukua barua ya kufukuzwa. Kisha akamwita Faradji aikague pikipiki.

Faradji alifungua kifuniko cha betri. Vichwa vilikuwa vikavu, vimelambwa mpaka vinang'aa. Waya ulikuwa umetafunwa ukakatika, na alama za meno ya panya zilionekana wazi. Alimfikiria Zaituni, akaifikiria kazi yake.

"Kulikuwa nini?" mkuu aliuliza.

"Maji iliingia, Bwana."

"Donc, basi, aliipitisha ndani ya mto. Mulevi."

Faradji alikata kile kipande cha waya, akakitia mfukoni, akafunga kipya.

Njia ya mwongo ni fupi, na ya Faradji iliishia mlangoni mwake. Saidati alikuwa amekaa na kibuyu mapajani.

"Baba Zaituni, nani aligusa mafuta ya mutoto?"

Akamwambia yote, kwa sababu alishindwa kulibeba jambo lile peke yake.

"Ule muganga alibeba hii mafuta kwa miguu toka Busasamana," Saidati alisema. "Ni vile unamurudishia wema?"

Faradji alitamani ardhi ipasuke immeze. Haikupasuka, na Jumatatu ilifika.

Aliingia zahanati, akaweka kipande cha waya juu ya meza ya mkuu.

"Si pombe, Bwana. Iko panya. Mi nilipaka mafuta ya ng'ombe kwa betri. Vazelini yenu nilimalizia kwa pikipiki za watu."

Mkuu alikigeuzageuza kile kipande, kisha akanyoosha mkono kudai spana za zahanati. Faradji akazitoa mfukoni moja moja. Barua ya kufukuzwa ilichanwa papo hapo, na Twagirimana akarudishiwa kazi.

Walikutana uani. Faradji alikuwa amejiandaa kwa matusi, hata kwa kofi, na kofi lingempunguzia uzito. Twagirimana alikuwa akifunga mkoba wa dawa nyuma ya pikipiki, viganja vyake bado vina malengelenge ya kuisukuma.

"Unisamehe, muganga."

Twagirimana alikaza kamba ya mwisho kabla ya kugeuka.

"Ya kazi nimekusamehe, fundi. Lakini mama alituma ile mafuta ili mutoto aishi."

Akawasha pikipiki, akashika njia ya Cyanzarwe.