Siku Niliyouchoma Mti Wangu kwa Chuma cha Moto

Mchana kweupe, hapa Garissa, nilitoa chuma chekundu jikoni nikaukandamiza nacho mti wangu.

Mti ulitoa moshi. Mke wangu alitoa ukelele.

"Majirani, njooni! Baba Ilwad amepatwa na wazimu!"

Tulieni niwaeleze. Mimi nina akili timamu. Nilijifunza kusoma uzeeni, darasa la usiku, nikamaliza wa kwanza. Tulikuwa wanafunzi wanne, lakini wa kwanza ni wa kwanza.

Mti wenyewe ni ule wa maua mekundu kama makaa, ambao watu wa pwani huuita mkrismasi. Niliupanda uani, nikauzungushia miiba mbuzi wasiuguse. Ukapanda mpaka ukapita paa.

Majani tele. Ua? Hata moja.

Na sikuubania. Mbolea ya mbuzi, maji kila asubuhi. Mimi nanunua mitungi ya maji kwa mwenye punda, naye mke wangu Shamis anaumwagilia.

"Mti wako unakunywa kuliko ngamia," alilalamika. "Na maziwa hautoi."

Tukawekeana sharti mbele ya jirani yetu, Dagane: mvua ikinyesha kabla mti haujachanua, unakatwa, pale panakuwa zizi la mbuzi wa Shamis.

"Waryaa, wewe Abdirahim," Dagane alinicheka, "hilo ni dume. Chinja tu!"

Wiki zikapita. Mbuzi wa Shamis walinona, mti wangu ukanyong'onyea. Mawingu yakaanza kujikusanya.

Hapo nikamkumbuka marehemu baba. Ngamia akizubaa, hakumbembeleza. Alimchoma ubavuni kwa chuma cha moto, na ngamia akasimama.

Nikasema, kiumbe ni kiumbe.

Ndipo nikachoma.

Dagane alikuja mbio na ndoo, akidhani nyumba inaungua. Alipoona chuma, aliketi chini akacheka mpaka kofia ikaanguka.

"Sasa mpeleke sokoni kabla hajafa!"

Majani yakapukutika. Shamis akaanza kupima zizi kwa kamba, huku akiimba.

Asubuhi moja narudi kutoka msikitini, nainua macho.

Nyekundu! Tawi zima! Na mvua haijadondoka.

Wallahi, nilipiga takbiri mtaa mzima ukatoka. Dagane alikuja akayagusa maua kwa kidole.

Nikawapa mhadhara: chuma huamsha damu ya mti. Mama mmoja, Hawo, akaniomba nimchomee mwarobaini wake.

Nikatia chuma motoni. Shamis akanivuta kando.

"Baba Ilwad, utaua miti ya watu. Yale maji..."

"Maji gani?"

"Ya mti. Tangu tuwekeane sharti, nawapa mbuzi. Nilitaka ukauke."

Nilikwenda kumuuliza muuza miche kando ya Mto Tana. Akacheka.

"Mzee, mti huo ukishiba maji na mbolea unatoa majani tu. Ukipata kiu ndipo unachanua."

"Na chuma?"

"Shukuru Mungu haukufa."

Kwa hiyo aliyetaka kuua mti wangu ndiye aliyeuchanusha, na aliyetaka kuuponya nusura auue.

Zizi nimelijenga upande wa pili wa ua, kwa mikono yangu.

Jamani, ukipenda kitu, kiache kipumue. Na mbuzi wa mkeo wakinona ghafla, uliza wanakunywa nini.

Dagane bado anaamini ni chuma. Yeye hana habari na mitandao, ndiyo maana nimeandika hapa.