Maneno ya Mke wa Mfugaji

Baba alipopigwa na kiharusi alipoteza maneno yote, akabaki na mlio mmoja wa kooni. Mtu aliyekuwa akitufokea nyumba nzima, tangu Unguja hadi Castle Vale huku Uingereza, sasa alikaa kwenye kiti cha magurudumu mbele ya televisheni, mate yakimtiririka, mama akimfuta.

Jumapili moja mume wa dada yangu alikuja na DVD aliyoinunua sokoni: filamu ya makauboi, ya zama zile filamu hazijapata sauti. Watu wanafunua midomo, kisha yanatokea maandishi ya Kiingereza. Mama hakuweza kuyasoma, kwa hiyo shemeji akawa anatusomea. Mfugaji tajiri ana mke kijana. Anakuja mgeni na farasi wake. Mke anataka kutoroka naye.

Palipofika mfugaji anamfokea mkewe mezani, shemeji akaacha kusoma. Akatoa mlio wa baba. Ule ule.

Watoto walicheka. Dada alimwambia mumewe, "Huna adabu wewe!" na huku anacheka. Nilimtazama mama, nikitaraji atamkemea.

"Irudishe hapo," mama akasema.

Shemeji akairudisha. Mfugaji akapanua mdomo, shemeji akakoroma. Zamu ya mke ilipofika, mama ndiye aliyemsemea.

"Mchuzi hauna chumvi? Kaupike mwenyewe. Na ukinitupia sahani tena, utaitafuna."

Kicheko kilikatika. Mama ana kovu juu ya jicho, na sote tulijua ni la sahani. Baba alianza kutikisa ule mkono wake uliobaki mzima, akitoa mlio wake wa kooni.

"Basi, mama," nilisema, nikainuka nizime.

"Kaa kitako. Mimi nimekaa miaka yote."

Tangu hapo, kila Jumapili baada ya chakula, mama alimsogeza baba karibu na kioo cha televisheni, akakaza breki za kiti, akaiweka filamu. Maneno yalizidi wiki hadi wiki. Yule mgeni na farasi wake mama hakuwa na haja nao, sehemu zao alizipitisha mbio.

Siku moja muuguzi aliyekuja kumnyoosha baba viungo aliikuta filamu inaendelea. Akaniuliza kama mzee anapenda mambo ya kale. Nikamtafsiria mama.

"Mwambie anaipenda mno. Mwambie hachoki."

Baba alinikodolea macho. Nikatafsiri. Muuguzi akampigapiga begani, akamwambia taratibu kwamba amebahatika kupata mke kama huyu.

Baba alifariki majira ya baridi yaliyofuata. Mama alikaa eda yake yote bila kasoro, na waliokuja kumpa pole walimsifu kwa subira.