Mguu wa Kimbunga

Mtaani walimwita Jemadari, na jina hilo hakujipa mwenyewe. Alipewa na mumewe, kinyozi, mtu ambaye mdomo wake haujapumzika tangu siku aliyoshika mkasi, na ambaye juu ya kioo cha duka lake alitundika picha ya mkewe akiwa juu ya farasi, mgongo umenyooka, kidevu juu, kofia ngumu kichwani. Mteja akishafungwa kitambaa shingoni hana pa kukimbilia. Alionyeshwa picha, akaambiwa kwamba yule mama anayeshona mapazia mtaa wa pili ndiye huyo, na kwamba kila Jumamosi, wakati wake za watu wanahangaika na ufagio, wa kwake yuko vilimani anapiga shoti. Mteja angefanya nini? Wembe uko shingoni. Alikubali.

Picha ilikuwa ya kweli. Kasoro yake moja tu, ilikuwa ya zamani.

Haukupita muda baada ya kupigwa picha ile, Jemadari alianguka. Anguko lenyewe wala halikuwa la kusimuliwa. Farasi wake, aliyepewa jina la Kimbunga na watu ambao bila shaka hawakuwahi kumwona akitembea, aliona majani mabichi kando ya njia, akainamisha shingo, na Jemadari akateleza juu ya shingo ile kama kanga inavyoteleza kwenye kamba, akatua matopeni. Mtulinga, ule mfupa wa begani, ukavunjika. Hakuna aliyeona. Kimbunga aliendelea kula. Nyumbani Jemadari alisema ameteleza bafuni, na kwenye klabu yao ya farasi akasema ameteleza bafuni, na kwa muda mrefu watu wa pande zote mbili walimshauri anunue mkeka wa bafuni.

Mfupa ulipona, woga haukupona. Jumamosi ya kwanza aliporudi klabuni alimfunga Kimbunga tandiko, akaweka mguu kwenye kikuku cha tandiko, na magoti yakaanza kutetemeka yenyewe, bila ruhusa. Wenzake walikuwa wamekwisha kupanda, wanamsubiri getini. Akasikia sauti yake ikisema, "Nyie tangulieni. Huyu anachechemea." Ilibidi aonyeshe kitu. Akainama, akaushika mguu wa mbele wa kushoto, akaukanda kwa huruma nyingi, na kwa kuwa bado walikuwa wanatazama, akatoa karoti mfukoni akamlisha mgonjwa wake.

Njia ya mwongo ni fupi. Ya Jemadari ilikuwa fupi kiasi kwamba haikufika hata getini.

Klabu ile ilikuwa ya watu wa kawaida, wenye kazi zao za wiki nzima, waliopenda farasi kuliko walivyojua kuwapanda. Mwenyekiti alikuwa mwalimu wa udereva. Hata akiwa juu ya farasi, katikati ya malisho matupu, alitazama kulia na kushoto kabla ya kukata kona, na alinyoosha mkono. Daktari wa meno hakuweza kumpita farasi yeyote bila kumfunua mdomo. Wakirudi kutoka matembezini walikaa kwenye benchi nje ya chumba cha matandiko, chai ikatoka kwenye chupa, na safari ikasimuliwa kwa kirefu kuliko ilivyokuwa. Shimo likawa korongo. Farasi aliyeshtushwa na mfuko wa plastiki akawa amepambana nao.

Na aliyekuwa na chai tayari ni Jemadari, kwa sababu yeye hakwenda popote. Alikuwa amebaki na Kimbunga wake, anampiga brashi, anamchokonoa kwato, anapumua harufu ya ngozi na nyasi kavu, na farasi anampulizia pumzi ya moto kiganjani. Alimpenda yule mnyama, hilo lisemwe wazi. Nyumbani alipendwa na aliheshimiwa, lakini hapo ndipo alipokuwa hadaiwi pazia na mtu. Benchini alisikiliza hadithi za wenzake mpaka akazijua kuliko walivyozijua wenyewe, kisha akaanza kuwashauri. Pale kwenye kona ya kisima, aliwaambia, egemeeni nyuma. Wakaegemea nyuma. Hapakuwa na mtu katika klabu nzima aliyezungumzia kupanda farasi kwa mamlaka kama yule asiyepanda.

Kila Jumamosi ikawa hivyo hivyo: tandiko, mguu, kukandwa, karoti. Wateja wa mapazia nao waliingia dukani na salamu yao, "Mguu wa Kimbunga haujambo?" naye akajibu huku amebana pini mdomoni kwamba unaendelea. Uongo ukikaa sana hupata jamaa na marafiki.

Kisha Kimbunga akaanza kuchechemea kweli.

Asubuhi moja Jemadari alikuja na tandiko mkononi, na kabla hajafungua kinywa, farasi akatoka bandani ameunyanyua mguu wa kushoto, kichwa kinapanda na kushuka. Alijua moja kwa moja kwamba amemwombea mabaya kiumbe wa Mungu na dua imepokelewa. Akalia, safari hii bila kuigiza, akaukanda ule mguu kuliko siku zote na kumpa karoti zote zilizokuwa mfukoni. Wiki iliyofuata hali ikawa mbaya zaidi.

Akaitwa daktari wa mifugo. Akapapasa, akabonyeza, akagonga kwato, akanusa, hakuona kitu. Kwa kuwa alikuwa mtu mwenye uzoefu, alitambua mara moja kwamba jambo ni zito, maana asichokiona daktari huwa kiko ndani. Aliuliza maumivu yameanza lini, na Jemadari, ambaye hangeweza kubadilisha hadithi mbele ya benchi zima, akasema ni ya muda mrefu, tangu ule mwaka wa bafuni. Daktari akatikisa kichwa.

Siku hiyo hiyo Mwenyekiti aliomba kuzungumza naye, kwa ile sauti ya upole anayoitumia kwa mwanafunzi aliyegonga nguzo. "Jemadari," alisema, "tumpumzishe."

Klabuni neno hilo lilikuwa na maana moja tu, nayo ilikuwa ndani ya sindano. Daktari wa meno aliunga mkono huku macho yamemjaa machozi. Ni mateso, alisema, mnyama hawezi kuachwa hivyo. Machozi yalikuwa ya kweli. Ni kweli pia kwamba alikuwa amenunua farasi jike asiye na banda, ambaye kwa sasa alilala kwenye gereji ya mama mkwe wake, na kwamba alikuwa amekwisha kupima upana wa banda la Kimbunga. Mtu anaweza kulia na kupima kwa wakati mmoja. Wakakubaliana Jumamosi ijayo daktari wa mifugo aje na begi lake.

Katikati ya wiki Jemadari alifunga duka mchana akaenda klabuni peke yake, mikono mitupu, akasimama nje ya uzio. Kimbunga hakumwona. Alikuwa malishoni anamfukuza kunguru. Alikimbia, akageuka, akarusha mateke hewani kwa miguu yote, akamfukuza tena. Jemadari alitazama mpaka kunguru akachoka. Kisha akaenda taratibu chumba cha matandiko, akachukua tandiko, akarudi nalo. Kimbunga akaliona. Akasimama. Ungesema anajaribu kukumbuka kitu. Halafu akaunyanyua mguu wa kushoto na kuja kwake anachechemea, macho yamelegea kwa huzuni, pua tayari imeelekezwa mfukoni.

Jemadari alicheka mpaka akakaa chini, na alipokwisha kukaa chini kicheko kikamwishia. Wahenga walituambia shukrani ya punda ni mateke. Ya farasi hawakutuambia. Huyu alikuwa ameushika uongo wa bibi yake, akaujifunza kwa bidii, akaubeba kwa mguu wake mwenyewe, na sasa ulikuwa unakwenda kumuua.

Akatafuta njia ya kutokea. Aseme kapona? Watamwambia, basi panda. Ampande mtu mwingine? Akiliona tandiko tu atachechemea. Aseme ni hila ya karoti? Watauliza nani kamfundisha, na kwa nini. Kila njia aliyoishika ilimrudisha kwenye yale matope, na mbele ya matope kulikuwa na benchi, jina lake, na picha juu ya kioo. Jioni mezani mumewe hakuweza kula. Alisema siku nzima amewasimulia wateja juu ya farasi aliyemvusha mkewe mito. Jemadari akafungua kinywa kumwambia, akaomba chumvi.

Jumamosi ikafika. Wanaklabu walisimama uani wamevua kofia, na mwenye farasi wa gereji amesimama nyuma kidogo, kwa adabu. Kinyozi naye alifunga duka akaja na koti lake jeupe la kazi, kumuaga farasi ambaye hajawahi kumgusa, maana yeye aliwaogopa farasi kama kifo. Alijibanza karibu na ukuta.

Jemadari alijaribu kwanza kuponyoka kwa bei ndogo. Aliomba ampande kwa mara ya mwisho, akiamini kwamba akizunguka naye ua mzima yatakwisha na hakuna atakayeuliza neno. Akafunga tandiko. Kimbunga, alipowaona watu wote wale, alichechemea kama hajawahi kuchechemea maishani. Hata daktari wa mifugo aligeuza uso. Jemadari akaweka mguu kwenye kikuku. Magoti yakaanza. Akasubiri yaache, hayakuacha. Akashusha mguu. Daktari, kwa kuona mama amelemewa na huzuni, akainama na kufungua zipu ya begi, na zipu ile ilikuwa ndefu.

"Funga hilo begi, Daktari," Jemadari akasema. "Kimbunga mzima. Anayechechemea ni mimi."

Daktari, mtu makini, akauliza mguu gani.

Akawaambia yote, akiwa ameshika hatamu na macho chini. Akaanza na majani mabichi, akaja kwenye shingo, matope na bafu. "Tangu siku ile sijapanda," alisema. "Naogopa. Kila Jumamosi namsingizia yeye, nampa karoti, na yeye kashika somo." Akavua tandiko, akampa Mwenyekiti alipeleke ndani, akaonyesha mifuko yake mitupu. Kimbunga alisubiri kidogo na mguu wake juu, kama mtu ambaye nauli yake haijarudishwa chenji. Alipoona hakuna la maana linalokuja aliushusha, akatembea sawasawa hadi malishoni, na alipomwona kunguru akakimbia. Mficha maradhi kifo humuumbua. Safari hii kifo kilikuja na begi lake, kikamuumbua, kikarudi nalo.

Daktari wa meno alikunja utepe wake wa kupimia taratibu. Mwenyekiti alirudi kutoka chumba cha matandiko amekunja uso, mtu anayepiga hesabu ya maisha yake.

"Kwa hiyo ile kona ya kisima," akasema. "Mimi nimekuwa naegemea nyuma."

"Ilisaidia?" Jemadari akauliza.

Akafikiri. Akakubali kwamba ilisaidia.

Hayo yote angeweza kuyavumilia. Alichoshindwa ni kugeuka kuelekea ukutani. Hakuhitaji kugeuka, kwa sababu koti jeupe lilikuja lenyewe, kwa hatua za mtu anayepita kwenye sakafu ambayo haijakauka.

"Mama watoto," kinyozi akasema kwa sauti ya chini. "Ya bafuni ilikuwa uongo?"

"Uongo."

"Na ule mkeka niliokuletea?"

"Mkeka mzuri, baba. Sijateleza tena."

Kinyozi akatazama malishoni. Hapo hata yeye alikosa neno, na wateja wake wangelipa kuona. Mwenyekiti ndiye aliyevunja ukimya, kwa kuwa kufundisha kulikuwa damuni mwake. Alieleza kwamba tabia ya Kimbunga itatolewa ilivyoingia: afungwe tandiko, apandwe, achechemee atakavyo, na asipewe karoti hata moja mpaka atembee sawa. Anatakiwa mtu wa kumpanda tu. Akasema hivyo bila kumtazama mtu, na wengine wote wakamtazama Jemadari.

"Basi mnishikie," akasema.

Kimbunga akarudishwa kutoka malishoni, akafungwa tandiko, na kamba akaishika mumewe. Hakuna aliyemwambia. Aliishika kwa vidole viwili, mkono umenyooshwa mbali na mwili, kama aliyeokota kitu na hajui ni cha nani. Jemadari akapanda, magoti yakitetemeka mpaka vikuku vinalia. Kimbunga akachechemea hatua kadhaa, akageuza shingo kudai.

"Hamna," Jemadari akamwambia.

Akachechemea tena, akageuka tena. Hamna. Kinyozi naye, bila kumtazama mnyama, akasema hamna. Farasi akashusha pumzi ndefu ya mtu aliyeonewa, akatua mguu wa kushoto chini, na wote watatu wakaenda hadi getini wakarudi. Jemadari alikuwa amefumba macho tangu mwanzo. Mtu mmoja benchini akapiga picha.

Picha hiyo ndiyo iko juu ya kioo siku hizi. Ile ya zamani iko nyumbani, bafuni, kinyozi aliitundika mwenyewe. Wateja wakifungwa kitambaa bado hawana pa kukimbilia: wanaonyeshwa farasi, kamba, koti jeupe, na mama aliyeng'ang'ania manyoya ya shingo kwa mikono yote miwili. Juzi mmoja aliuliza mbona Jemadari kafumba macho.

"Anaogopa," kinyozi akajibu, kwa majivuno yale yale, na akamwambia ainamishe kichwa.