Hiza Aliyetusimamisha

Habakuki Hiza aliletwa kijijini kwetu, huku upande wa Magoma, kuwa katibu, baada ya ile njaa ya unga wa yanga, ule wa mahindi ya njano ya msaada. Kabla ya hapo alikuwa Dar es Salaam, akifanya kazi na kompyuta katika chumba chenye baridi ya mashine. Kwa nini mtu aache baridi ya bure aje kula vumbi na sisi, hakusema, na sisi wajinga tukadhani ni uzalendo.

Alitukuta wabeba mawe ya shule wakigombania toroli moja na wabeba samadi, kutwa matusi. Akasikitika sana.

"Ndugu zangu," akasema, "kompyuta ina kazi nyingi ndani yake. Siri ni kuisimamisha moja ili nyingine ipite. Iliyosimama inalala pale pale ilipofikia, haisahau kitu. Ikiamshwa, inaendelea."

Tukapiga makofi. Siku hizo tulipigia makofi kila kitu.

Basi akatugawa vikundi, akamkabidhi Mzee Mdoe kengele, yaani kipande cha reli kilichoning'inia nyuma ya ofisi. Kikundi kikiambiwa kisimame, kinakaa chini mpaka kengele ilie. Anayeinuka kabla, anavunja kokoto. Mimi nilizivunja, kwa kosa la kuinuka kumtoa mwanangu kwenye miiba. Lakini nisiseme uongo, toroli halikugombaniwa tena.

Kazi yangu mimi, Chausiku, ilikuwa kulinda mahindi ya kijiji dhidi ya nyani. Mahindi yalikuwa yamekomaa. Bila hayo, tungerudi kwenye unga wa yanga, na watoto wangu walikuwa bado hawajausahau.

Ndipo akaja mkubwa mmoja kututembelea. Hiza, akitaka aonekane, akaamuru: "Vikundi vyote visimame. Vyote! Asiinuke mtu mpaka kengele ilie."

Tukakaa uwanjani, walinzi na wote. Mzee Mdoe alikaa mstari wa mbele, kanzu imepigwa pasi. Mkubwa akatufundisha kilimo, akala kuku wetu, akapanda Landrova yake. Hiza naye akadandia, kumsindikiza mpaka Korogwe.

Sisi tukabaki tumekaa. Wengine hawakuona ubaya, kukaa hakujawahi kumchosha mtu. Mimi roho yangu ilikuwa shambani. Nikajisogeza kwa makalio mpaka mbele.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Piga kengele basi, mahindi hayana mtu."

"Nitaipigaje? Na mimi nimesimamishwa. Nikiinuka kabla haijalia, kokoto zinanihusu."

"Sasa nani ataipiga?"

Mzee Mdoe akalifikiria swali kwa haki kabisa. "Tutege sikio," akasema.

Tulichosikia ni nyani, wanabweka huko shambani. Nikainuka, kokoto na ziwe kokoto, nikatoka mbio, na wenzangu wakanifuata. Tulikuta mabua yamelala, magunzi yametapakaa kila mahali, na nyani dume mmoja amekaa juu ya kichuguu anakula bila kungoja amri ya mtu. Nililia kwa hasira, na sikuona aibu.

Hiza aliporudi jioni tulikuwa tumejiandaa kumtukana. Alisimama akatazama shamba, kisha akakaa kwenye kizingiti cha ofisi na kuvua miwani.

"Hata Dar ilikuwa hivi hivi," akasema. "Nilizisimamisha kazi zote, na ile ya kuziamsha nyingine nikaisimamisha pia. Mashine ikaganda. Ndiyo maana nikaletwa kwenu."

Matusi yetu yakatuishia mdomoni.

Mwaka huohuo tukawa Korogwe mjini, kwenye foleni ya unga wa yanga, Hiza nyuma yangu na kikapu chake. Karani akachungulia dirishani.

"Kaeni chini mpaka muitwe," akasema, akafunga dirisha.

Tukakaa wote. Hiza peke yake alibaki amesimama.