Muhuri wa Hargeisa

Nawasimulia ninyi kwa sababu hapa mtaani Overport, kusini mwa Afrika, wote wameshajua. Mimi ni kinyozi, Mkongo wa Bukavu, na wivu umenivua nguo mchana kweupe.

Mteja wangu Kamau, Mkenya anayefundisha chuo kikuu, alikuwa ametoka Somaliland. Nikiwa namnyoa, akasimulia nchi yenye bendera, pesa na askari wake, ambayo karibu dunia nzima inakataa kuitambua. Furaha, msusi wetu, ambaye mwaka mzima namnunulia chai, akaacha kusuka ili asikilize. Mimi hunisikiliza huku akisuka.

Kamau akatoa pasipoti, akamwonyesha muhuri wa Hargeisa, mji mkuu wa huko. Furaha akaishika kwa mikono miwili kama mtoto mchanga.

Moyo ukaniwaka. "Hata mimi nilishafika huko," nikasema.

"Kweli? Uliingilia wapi?" Kamau akauliza.

"Kwa barabara. Vizuizi vingi, bunduki kila mahali." Njia niliyoieleza ni ile niliyopitia nikikimbia kutoka kwetu, ambayo hakuna aliyewahi kuniuliza.

"Na muhuri walikupigia?"

"Tena mukubwa kuliko huo. Pasipoti iko nyumbani."

Furaha akageuka. "Pasipoti gani, kaka Joseph? Si juma lililopita tulipanga foleni pamoja, kuongeza muda wa karatasi zetu za ukimbizi?"

Saluni nzima ikacheka, isipokuwa Kamau. Yeye alifunga pasipoti yake taratibu, akaificha mfukoni. Afadhali angecheka.