Nyasi za Luhungo

Alhamisi nilikuwa nakunywa chai Mafiga, kwa mama anayefungia maandazi kwenye magazeti ya zamani, akaingia dada mwenye matope hadi magotini na fungu la nyasi mkononi.

"Shikamoo, mama. Naomba uniuzie magazeti yako. Nyasi hizi nazikusanya kwa ajili ya masomo. Nisipozilaza kwenye karatasi sasa hivi, zitanyauka."

"Marahaba. Na maandazi nifungie nini, mwanangu?"

Hata hivyo mkono wa mama ulishachomoa bua moja. Akalipitisha kati ya vidole, akalinusa.

"Umezitoa wapi hizi?"

"Mlimani Uluguru, mama."

"Uluguru kubwa. Wapi?"

"Juu ya kijiji cha Luhungo, kwenye mteremko ulioporomoka, karibu na mwembe uliolala."

Mama akavuta kigoda, akakaa. "Pale palikuwa shamba letu. Mvua ilibeba udongo, tukabakiwa na mawe. Zimeota nyingi?"

"Nyingi, hadi ukingoni."

"Basi udongo umeanza kukaa."

Akampa rundo lote la magazeti, akakataa hela. "Ila uandike vizuri zimeota wapi. Usiandike Uluguru tu."

Dada akatandaza gazeti la kwanza. Lo, ukurasa wa safu yangu hii! Akalaza nyasi juu ya picha yangu, akafunika bila kusoma hata mstari.

Nikaondoka na maandazi ya moto mkononi, yananiunguza vidole, nacheka peke yangu. Miaka yote hii naandika habari za mlima ule, na huenda ukurasa ule ndio wa kwanza kuusaidia.